Pete Ndogo Kuliko Gurudumu

Mpendwa Mutheu,

Natumaini baridi ya Eldoret imekuzoea. Hapa Machakos tuko salama; babu yako amepanda ndengu na mvua imekubali.

Umeniuliza mimi bibi yako, "Susu, mbona pete za chuma zinateleza kwenye magurudumu ya treni yangu ndogo, hata nikitia gundi?" Nadhani umezikwangua ndani kwa tupa mpaka zikaingia kwa mkono. Wenzangu walifanya hivyo tulipokuwa tukijifunza ufundi katika karakana ya reli. Kila mmoja alipewa gurudumu dogo la mfano, na ambaye pete yake ingeshika ndiye angepelekwa kwenye injini kubwa. Msichana nilikuwa peke yangu.

Niliacha pete yangu iwe ndogo kuliko gurudumu kwa unene wa unywele, nikaiweka kwenye jiko la makaa.

"Mama, chapati imeiva?" Muli, mwanafunzi mwenzangu, akanitania.

"Bado. Na usingoje supu."

Chuma kikipata moto hutanuka. Pete ilipofikia rangi ya nyasi kavu, niliishika kwa koleo nikaidondosha juu ya gurudumu, ikaingia yenyewe. Ilipopoa, ikajibana. Mwalimu alipoyagonga magurudumu kwa nyundo, ya wenzangu yalitoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Langu lililia kama kengele.

"Huyu aende kwenye injini," akasema. Muli mwenyewe alinibebea vifaa.

Tengeneza pete mpya, uache tupa kabla haijaingia, kisha uitie moto. Gurudumu langu liko hapa mezani. Nimeligonga sasa hivi, na babu yako ameuliza ni nani yuko mlangoni.

Susu yako