Mkeka wa Mwajabu

Temeke, 1956

Mwanangu Sadallah,

Pokea huko Nairobi salamu za mama yako. Sie tupo, ila mvua imetubomolea choo, na yule kuku mweupe katotoa. Hiyo elimu yako ya kuigiza imetufikia. Gazetini nilisomewa, na gari la sinema lilipokuja uwanjani tulikuona ukifundisha watu kulia kikweli. Nikasema, huyo wangu!

Ila juzi redio ya dukani kwa Aidarus ilikutoa ukieleza kwamba mwigizaji halii kwa kitunguu, bali humwona moyoni mama yake yuko juu ya kitanda cha kuoshea maiti. Kisha ukalia, "Mama! Mama yangu!" Waliochelewa kufika dukani walisikia kilio tu. Kabla ya adhuhuri wanawake wamejaa uani kwangu na mikeka, wamekuja msibani. Mtani wetu Mwajabu akanikuta napepeta mchele.

"Ebo! Maiti gani hii inajipikia pilau ya matanga yake?"

Tulicheka, baba, nikacheka mpaka nikakohoa damu.

Damu hiyo haikuanza juzi. Nilikuficha nisikutoe kazini. Mwajabu aliiona kwenye leso. Wenzake walikunja mikeka yao wakaenda. Yeye wake kauacha hapa kwangu.

Njoo unione kwa macho, mwanangu, uache kuniona moyoni.

Mie mama yako,
Chausiku binti Jabiri