Malaria haitobolake muntu mikono

Camp ya Dzaleka, Dowa
Malawi
Tarehe 14 mwezi wa tano 2025

Mupendwa yaya Marguerite,

Salamu mingi kwako, kwa bwana yako na kwa batoto. Muko salama? Baridi ya Norvège inawahurumia kidogo? Na mugongo wako, ule unaumaka ukifua nguo, unaendelea namna gani? Huku mi niko. Kifua kinanisumbua ju ya mavumbi ya tumbaku mu madepo ya Kanengo, lakini napumua, nakula, nabeba mizigo. Mahindi iliiva mwaka huu, nsima, ugali ya huku, iko. Mungu asifiwe.

Naandika mwenyewe. Shule yangu unaijua vile iliisha mbio, basi usicheke makosa. Barua inakuja na Carelle, binti ya jirani, amepata ndege ya kuja kwenu. Simu yangu ilikufa. Na haya maneno sitaki kuyasema mu simu ya muntu mwingine, majirani banasimama banasikiliza.

Vile njo nilisikia vocal yako, ile sauti ulituma, yaya. Mu simu ya jirani Elodie, mbele ya mulango wake, bantu bote pale. Ulisema niliharibu levée de deuil, siku ya kumaliza matanga ya mutoto ya bantu, niende nimuombe Épitace musamaha, ju yeye njo anamuleteaka Mama Stéphanie unga na mafuta. Elodie aliniangalia kama vile ameniona uchi. Nilisema aksanti, nikatoka.

Jibu yangu ni hii: hapana.

Sikasirike na wewe. Ulitoka hapa zamani, na banakuambia paka upande moja tu. Sasa sikiliza wa kwangu.

Delphin wa Mama Stéphanie unamukumbuka akiwa mutoto. Ule alifunguaka maredio ya bantu, akishindwa kuirudisha anakimbia. Alikomaa na ile tabia. Hakuwa na gitaa, hakuwa na ngoma. Alikuwa na laptop moja ya kioo kimepasuka. Anaenda kwa mashini ya kusaga, anachukua sauti na simu. Anaenda kwa pompe ya maji, anachukua vile chuma inalia. Anaingiza mu laptop, anakata, anarudilia, anatia basse chini. Batoto ya Congo, ya Burundi, ya Rwanda, bote banaruka pamoja. Mule ndani hakuna maneno, basi hakuna wa kuuliza hii ni luga ya nani.

Mi njo nilimubebea babaffle, spika kubwa za musique. Yeye kijana, mi muzee, lakini tulikuwa marafiki ya kweli. Aliniita Tonton Muzigo, mujomba wa mizigo. Nikimuambia, "Hii si nyimbo, hii ni kiwanda," anacheka: "Njo vile, Tonton. Kiwanda yenye haifukuzake muntu kazi."

Siku moja alimukuta Orpa, muke wangu, anatwanga sombe, majani ya muhogo, akatoa simu. Orpa akamuambia, "We mutoto, badala ya kunipokea mutwangio unaniibia sauti?" Aliitia mu nyimbo, na kicheko cha Orpa ndani. Orpa alipokufa, nilikuwa naenda kwa Delphin, ananipigia ile. Tunasikia tu bibi yangu anatwanga.

Leo ile nyimbo inapigwa ku Chilinde, kwa Épitace, na balevi banakojoa nyuma ya ukuta. Njo ujue nachukia namna gani.

Épitace unamujua, ule aliuzaka ba-unité ya simu karibu ya hopitali. Sasa iko na bar mu muji, kule Chilinde, mu jina ya Mumalawi, ju yeye ni murefugié kama sisi, haruhusiwi. Alimuchukua Delphin apigie bantu pale. Mwanzo alimupa sirop ya kikohozi mu Fanta. Kisha unga, si ule wa nsima. Kisha sindano. Alimuwekea pembeni ya laptop, vile bantu banamuwekea fundi chai. Mutoto akisema nataka kurudi nyumbani, anapewa. Akipewa, harudi.

Nilikwenda kumuchukua. Alikuwa amekauka, meno tu. Akasema, "Tonton, niache nimalize hii moja." Nikamuambia Épitace, "Utamuua mutoto ya mama." Alicheka. Akasema, "Muzee, ba-artiste njo vile beko."

Vile alikufa niliambiwa na Akeza, mama anayefagia pale. Delphin alianguka nyuma ya babaffle, povu mu mudomo. Épitace alifanya nini? Alichomoa laptop. Akaifunga mu kitambaa ya kikwembe, akaipeleka mu gari. Kisha akatoa babaffle, ju aliogopa polisi watazikamata. Kisha akafukuza baclient. Nyuma ya yote njo akatafuta taxi ya Delphin. Mashini kwanza, muntu nyuma. Kufika hopitali, alikuwa amepoa.

Mi njo nilimuosha. Kwetu unajua, anayeosha anaona yote na ananyamaza. Niliona ile mikono. Mama Stéphanie akamuambia pasta aandike malaria mu historique. Nilinyamaza, ju ni mama yake, na aliogopa kanisa litakataa kumuzika.

Lakini historique, yaya, unajua kwetu ni nini. Hatutie muntu mu udongo mbele muntu hajasimama kusema: alizaliwa hapa, ugonjwa ulimushika namna hii, fulani njo alimushika mukono, fulani njo alimufunga macho. Hakuna neno lingine linabaki nyuma ya lile. Na pasta alisoma: malaria. Na aliyemufunga macho: rafiki yake Épitace. Épitace akasimama akalia na mashozi, bantu banamushika mabega.

Ikafika siku ya levée de deuil, siku ya kumutoa mama nguo nyeusi. Épitace akakuja na sono yake yote, vyombo vya musique, na chupa za Fanta, na matricot mapya, fulana. Mbele kuna sura ya Delphin. Nyuma kuna jina ya bar yake na namba ya simu. Alimupa mama moja avae akitoa nguo nyeusi. Yaya, alitaka kumuvalisha mama ya maiti publicité.

Pasta akaanza tena kusoma historique, vile desturi inaomba. Akafika kwa malaria. Nikasimama. Nikasema, "Pasta, acha hapo. Mi njo nilimuosha. Malaria haitobolake muntu mikono."

Nikasema yote. Sirop, unga, sindano, laptop mu kikwembe. Nikanyoosha kidole.

Épitace akacheka cheka. "Muzee, we ni mubeba mizigo. Unajua nini ya musique?"

Nikamujibu, "Najua uzito. Nilibeba baffle yako, nikabeba sanduku ya Delphin. Sanduku ilikuwa nyepesi."

Mama Stéphanie alipiga kelele akaanguka. Chakula kikabaki mu masufuria. Nguo nyeusi haikutolewa. Hayo njo banakuambia niliharibu. Ni kweli, niliharibu. Ningeharibu tena kesho.

Kisha walinitenga. Kanisani banahama benchi nikikaa. Kwa Mama Stéphanie nilikuwa nakulaka kila jioni tangu Orpa amekufa, sahani yangu ilikuwa yangu. Alifunga mulango. Hiyo iliniuma kuliko pasta. Nilikuwa napika nsima yangu peke yangu, inaungua chini, juu maji.

Njo vocal yako ikafika, nikafikiri hata yaya ananitupa.

Sasa sikia kile kilitokea kisha, ju hiki hawajakuambia. Asubui moja nafunga viatu niende kutafuta ganyu, kibarua, kule Kanengo, naona Mama Stéphanie mu mulango wangu. Bado mu nyeusi. Hakunisalimia. Akasema, "Sema tena ile historique. Siku ile nilikuwa nalia, sikusikia yote."

Nikasema tena. Nilitaka kuruka ile ya laptop. Akasema, "Usiruke." Nikasema na hiyo. Aliuliza paka neno moja tu: "Alimuacha chini?" Nikasema ndiyo mama, chini, ku sakafu ya simenti. Akafuta vidole mu nguo. Akasema, "Basi ule unga wake nilikuwa nakula." Akaniuliza kama najua njia ya kwa Épitace.

Tulifika Chilinde, bar imeshafunguliwa, musique inapigwa. Mama akatandika mukeka mbele ya mulango, chini kabisa, akanyoosha miguu, akafunika kichwa vile siku ya kwanza ya kilio. Akaanza kulia. Hakutukana muntu. Alilia tu, na jina ya mutoto wake. Mi nikakaa pembeni.

Bantu yetu wanaume wakakuja kunywa, wakaona mama iko mu matanga, wakatoa kofia. Utaruka mama wa maiti na miguu uingie kucheza? Wengine wakarudi. Wengine wakakaa chini na sisi. Kisha mama moja Mumalawi, anauzaka nyanya ngambo ya njia, akavuka. Akauliza, "Maliro a ndani?" Kilio cha nani. Nikamuambia ya mutoto wake, alifia mule ndani. Akavua viatu, akakaa, akaita wenzake. Unajua Wamalawi na kilio, yaya. Hapa hata gari inasimama. Wakajaa pale, wakaanza kuimba za kanisa mu Chichewa. Mule ndani musique ikapunguzwa, ikapunguzwa, ikazimwa.

Épitace akatoka na kiti cha plastiki. "Mama, inuka basi, ukae vizuri. Twende ndani tuongee. Nitakuletea mufuko muzima wa unga."

"Mi niko kwa matanga," mama akasema. "Hapa njo mutoto yangu alifia. Ungetaka nikae wapi?"

"Nitaita polisi. Hamuna ruhusa ya kuwa mu ville, inje ya camp."

"Baite. Na wewe utabaonyesha ruhusa yako."

Wamama wa nyanya hawakusikia Kiswahili, lakini walisikia sura yake. Walicheka wakiwa wanalia. Sijaonaka vile.

Ikabidi mwenye jina ya bar akuje, ule Mumalawi. Akaona kilio mu mulango wake. Hakuuliza sana. Akamuambia Épitace afunge. Huku hakuna muntu anapiga ngoma pembeni ya maliro, hata mwizi.

Siku ya pili tulirudi. Na ya kufuata. Mama anakuja na mukeka, mi nakuja nikitoka kubeba. Bar imefungwa. Pombe inaharibika ndani. Épitace anatuma bantu. Alimutuma pasta na maneno ya kusameheana. Mama akamuuliza pasta kama atarekebisha kwanza yale aliyosoma kaburini. Pasta akageuka, akarudi camp. Épitace akatuma mbuzi. Mama akaifunga kamba, akaipa wamama wa nyanya, wakaipika pale pale mbele ya mulango wake. Moshi ukaingia mule ndani. Nilikula vizuri, yaya. Tangu Orpa sijakulaka vile.

Mama anataka kitu kimoja. Épitace akuje hapa camp, mbele ya bote, asimame asome historique ya Delphin na mudomo yake. Aseme nini alimupa. Aseme alitoa nini kwanza na nani nyuma. Aseme nani alimufunga macho, ju ni Akeza, si yeye. Siku ile njo mama atatoa nguo nyeusi. Kabla ya siku ile, kilio kiko Chilinde, na kila mahali atafungua bar nyingine, mukeka utafika. Épitace ameshajaribu kutafuta nyumba upande wa Tsoka. Tumesikia. Mama ameshaniuliza njia.

Wanasema mi nimemutia mama moyo mubaya. Labda. Mi sikumufundisha kulia. Na sitaki Épitace afe. Siku za mwanzo nilitaka, nilikuwa naangalia ile hook, ndoano ya chuma ya kuvutia mabalo, mizigo ya tumbaku, na kufikiria. Sasa hapana. Akikufa ataenda na historique nzuri, watamuandikia malaria. Nataka aishi, anenepe hata, na kila akifungua mulango akute mama amekaa.

Atakupigia wewe, najua. Anasema yaya Marguerite njo anasikiwaka na mama. Atakulilia mu simu, ule analia vizuri. Usimutumie mama vocal ya kumuambia ainuke. Ukitaka kutuma vocal, mutumie Épitace. Muulize tu: ulitoa nini kwanza? Kisha nyamaza, umuache atafute jibu.

Umusalimie bwana yako, na Ntahomvukiye mukubwa wenu wa kanisa kule, na batoto bote, kila moja na jina lake. Mama Stéphanie anakusalimia. Amenirudishia sahani yangu. Amesema nikuandikie kwamba hajakasirika ju ya vocal, lakini hajasahau.

Mungu akulinde mu ile baridi, alinde mugongo wako, alinde batoto yako na bantu banaocheka na sindano mu mukono. Na Épitace pia amupe miaka mingi. Namuombea kila siku, kwa magoti. Mama iko na nguvu bado, na mukeka ni mupya.

Ni mimi mudogo wako, anayekupenda sana na hataomba musamaha,

Akilimali