Papi Nilizochoma Mwezi wa Tatu

Nyumba za Reli,
Nsambya, Kampala.
11 Juni 1974

Mpendwa shemeji Owuor,

Hamjambo huko Kisumu? Mgongo wa mkeo Phelister unaendeleaje? Na Mama, miguu imepungua kuvimba? Sisi tupo. Ndugu yako Oloo anakwenda kazini na kurudi mapema, maana siku hizi jioni watu hawatembei. Mengine ya mji nayaacha.

Mwanetu Cleopas ameugua kifua wiki tatu. Usishtuke, sasa anapumua vizuri, na jana alimaliza uji wote. Lakini kifua hicho ndicho kinachonifanya niandike, naye yuko mgongoni, macho yangu yanajifunga.

Shemeji, nimekukosea.

Krismasi ulitujengea chumba cha nyuma: nguzo za chuma, mabati nje, ubao ndani, sufi ya kuzuia baridi katikati. Nilikuuliza zile papi, vile vipande vyembamba vya mbao ulivyofunga kwenye kila nguzo kabla ya ubao, ni za nini. Ukasema, "Sufi inakaa kati ya nguzo tu. Chuma kikigusa ubao, baridi ya nje inapita hapo hapo." Nikakucheka kwamba mafundi wa Kisumu mnapenda kumaliza mbao za watu.

Basi mwezi wa tatu makaa yalipotea mjini siku tisa. Oloo alikuwa safarini na treni. Mtoto analia njaa, sigiri, jiko letu la makaa, tupu. Nikafungua ubao, nikatoa papi zote, nikapikia. Sufi niliirudisha vizuri, ubao nikaufunga kwa waya, ukalalia chuma chenyewe. Kwa macho hakuna kilichobadilika.

Mvua zilipokaza, ukuta ukatoa jasho. Si wote. Ni mistari myeusi, mmoja kwa kila nguzo, na katikati pakavu kabisa. Kitanda cha Cleopas kiko hapo. Asubuhi blanketi limelowa.

Oloo alipoona akasema, "Huyo ndiye fundi wetu! Ukuta unakojoa kuliko mtoto!" Akakuandikia ile barua kali. Komakech wa Kisugu, aliyetaka kukuita umjengee vyumba viwili, alikuja kuangalia, akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa namimina chai. Sikusema neno.

Ijumaa nilimwambia Oloo yote. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Ukaniacha nimwandikie ndugu yangu vile?" Ningeona afadhali anigombeze. Jumamosi alinunua mbao, akarudisha papi kama ulivyoziweka. Alitaka pia aende Kisugu kumweleza Komakech ukweli badala yangu. Nilikataa. Aliyenyamaza ni mimi.

Nilikwenda juzi baada ya misa. Komakech alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Cleopas, ungesema siku ile tu." Kazi ameshampa mtu mwingine, kuta zimefika madirishani.

Oloo atakuandikia mwenyewe kukuomba msamaha. Nakuomba umjibu, hata kwa mistari miwili. Kosa si lake. Kwangu usiandike kwamba si kitu, shemeji. Ni kitu. Ile ilikuwa kazi yako, na mimi ndiye niliyekunyima.

Nisalimie Mama, Phelister na watoto wote. Mungu aibariki mikono yako, akupe nyumba nyingine za kujenga.

Wako akupendaye, aliyekukosea,
Nabwire