Kifauongo cha Chini ya Dirisha

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Salamu tele, mdogo wangu. U hali gani huko kwenye baridi? Kifua kimeacha kukusumbua? Sisi tu wazima, na watoto wanakula kama nzige.

Mama, kama ujuavyo, tangu kiharusi kimpate hakuwahi kutamka neno. Kila asubuhi nilimketisha uani, karibu na cherehani yake, apate jua. Daktari alishatuambia tusitegemee mengi.

Unakikumbuka kifauongo cha chini ya dirisha lake? Kile chenye viua vya waridi kama vifundo vya uzi, tulichokuwa tukikigusa majani yakafumba, kisha tukangoja kifufuke. Juzi Shangazi alipokuja kumjulia hali mgonjwa alikiona, akaguna. Wazee wao, alisema, hawakuacha mmea unaojua kufa ukae karibu na mgonjwa, utamfundisha. Mimi si mtu wa kuamini hayo, lakini mfamaji haachi kutapatapa. Nikachukua jembe.

Nimeliinua tu, nikasikia nyuma yangu: "Kiache. Hicho hakifi."

Jembe lilinitoka mkononi. Shangazi alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake jipya.

Mama akaendelea kwa taabu, neno moja moja, kama anayetunga uzi kwenye sindano. Kumbe wewe ulizaliwa kimya, humu chumbani, bila pumzi. Bibi, mkunga wetu, hakukubali kukufunika. Alikigusa kifauongo kilichokuwa kwenye kopo dirishani, majani yakalala, akamwambia Mama: "Wewe tazama hicho. Kikifumbua, na mtoto atafumbua." Kisha akarudi kukusugua mgongo. Mama alitazama mpaka majani yakaanza kufunguka, moja, na jingine, na hapo ukalia.

Baadaye akakihamishia nje, kikazaana. Miaka yote hii tumekikanyaga tukienda kuanika nguo!

Nilimuuliza mbona hakutuambia. Alisema aliogopa kulitaja, lisije likarudi.



Shangazi anakusalimu sana. Sasa ndiye anayekimwagilia maji. Shemeji yako na watoto nao wanakusalimu. Mungu akuzidishie pumzi aliyokupa.

Piga simu, uongee polepole. Mama atakujibu mwenyewe.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mama Mapacha