Mkata Vimeo Aliyebaki na Chake

Bwana Mshauri wetu, baada ya salamu nyingi naomba unishike mkono, na naomba usicheke mpaka ufike mwisho wa barua, maana naandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, sikuthubutu kumwita mwandishi wa kukodi, siri hii nikimtajia mtu mmoja hapa Dodoma itafika Mpwapwa kabla ya gari la moshi kupiga honi.

Mimi ni mkata vimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, ambacho mtoto akikohoa sana watu husema kimerefuka, mimi ndiye nikikataye kwa kisu changu chenye ncha iliyopinda, kazi nimeifanya miaka thelathini, Wagogo wananijua na waungwana wa mjini wananijua, na tangu reli ifike naletewa watoto hata kutoka mbali. Kazi nilifundishwa na marehemu Mzee Khamisi, mtu wa Unyanyembe, tukitembea na misafara, naye alikuwa na masharti mawili: asiyekatwa hakati, na hakuna mwanafunzi anayepewa kisu chake mpaka apake unga.

Kupaka unga ni hivi. Mwalimu anakaa juani anafumbua mdomo, mwanafunzi anamkandamiza ulimi kwa kijiti, anachovya ncha ya unyoya wa kanga katika unga wa uwele, anagusa kovu la mwalimu pale kimeo kilipokuwa, mara moja tu, kisha mashahidi wawili wanachungulia, na unga ukionekana pale pale palipotakiwa, si kwenye ulimi wala kwenye meno, na mwalimu hajakohoa wala hajasukuma mkono, basi huyo ni fundi na hakuna wa kumpinga. Mimi nilimpaka Mzee Khamisi mbele ya mashahidi nikafaulu, hilo naapa. Lakini lile sharti la kukatwa, Bwana Mshauri, siku aliponitia kisu mdomoni nilimng'ata kidole, akasema haya, tutakata kesho, na kesho ikawa kesho miaka minne, mpaka homa ikamchukua tukiwa Bahi, nikamzika, nikarithi mfuko wake wa visu, na kimeo changu ninacho hadi leo, kizima, tena kirefu, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sasa ninaye mwanafunzi, anaitwa Sila, Mgogo wa Nzuguni, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, yuko kwangu mwaka wa tano, na yeye kimeo chake kilikatwa utotoni. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Anamgusa mbuzi aliye hai nyuma ya koo na mbuzi anaendelea kutafuna. Anataka kupaka unga, na ni haki yake, nami nikaanza visingizio. Kwanza nikasema ni masika, jua halitoshi kumulika koo. Masika yakaisha, nikasema unyoya sharti uwe wa kanga ambaye hajataga, akakaa porini siku tatu akamleta kanga, sijui alimjuaje. Nikasema basi afanye mazoezi kwa vichwa arobaini vya mbuzi, akavifanya vyote, na mke wangu Waridi akapika supu ya kichwa mpaka akaniambia kikiingia kichwa kingine nyumbani humu, chake kinatoka.

Mwezi uliopita Sila akaniuliza sokoni, kwa adabu, mbele za watu, na Mazengo, baba wa mchumba wake Loisi, amesimama pale pale anasikiliza, nami nikabanwa, nikatamka, "Mkono wako bado mzito." Ni uongo, naye anajua ni uongo. Tangu hapo Mazengo anasema binti yake hampi mtu mwenye mkono mzito, na kwamba Sila asipopaka unga hadi Ijumaa ya kwanza baada ya mavuno, Loisi ataolewa na mtu wa Kibakwe ambaye ameshatuma wajumbe.  Sila alirudi nyumbani kwangu akaosha visu vyangu kama kila siku, akavipanga, akaniaga, na hilo ndilo linalonichoma.

Nimefikiri kusema meno yananiuma. Nimefikiri kwenda Tabora nikae huko mpaka yaishe. Juzi nilichukua kioo cha Waridi na kisu changu nikasema nijikate mwenyewe, nikaona ncha inakaribia, nikazimia hata kabla haijagusa, nikaamka Waridi ananipepea kwa ungo. Na kwa kuwa nimeanza kutubu, nimalize: mtoto wa Anyesi wa Bahi nilimkata mwaka jana, akatoka damu siku mbili, Mungu akamnusuru. Baada yake binti yangu akaniletea wajukuu zangu watatu wanakohoa, nikawafunika shuka mmoja mmoja nikajifanya nakata, nikamwaga damu ya mbuzi kwenye bakuli na kuonyesha kinyama cha mbuzi, kwa sababu mkono wangu ulikataa. Kikohozi kikaisha chenyewe.

Niambie nifanye nini. Nimwombe Sila anikate kwa siri ningoje kovu? Nitangaze kwamba amefaulu bila kupaka unga, ingawa Mazengo hatakubali? Au nisafiri? Jina langu tafadhali lisitajwe gazetini.

Ni mimi, Mwenye Mdomo Uliofungwa, Dodoma.

MAJIBU

Shikamoo mzee wangu, maana kwa umri u baba yangu. Shikamoo ikishaitikiwa, kaa chini nikuseme.

Umeniomba nisicheke na nimejitahidi, nikashindwa pale kwenye kioo. Pole. Miaka thelathini unawaambia watoto wa watu watulie, haiumi, ni mara moja tu, na wewe umezimia kwa kukiona kisu chako mwenyewe. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, nadhani walikuwa wamekutana na mtu wa kazi yako.

Kuhusu Sila huna hata swali la kuniuliza. Umemkosea kijana wa watu. Ameleta kanga, amefanya vichwa arobaini, ameosha visu vya mtu aliyemsingizia, na bado unapima kama umwachie au ukimbilie Tabora. Kukukata kwa siri usimwombe. Kidonda hakigeuki kovu kwa siku chache, na utamtwisha uongo wako siku ile ile anayopata jina lake. Kumtangaza bila unga pia usithubutu, maana ulisema sokoni kwamba mkono wake mzito, na neno la sokoni husafishwa sokoni.

Tena nikuulize, mzee wangu. Huyo ni mtu uliyemfundisha miaka mitano kazi ya kutazama makoo. Kwako unapiga miayo, unacheka, mchana unalala chini ya ukuta mdomo wazi. Hivi kweli unadhani hajaona? Ameona zamani. Naye Waridi, aliyelala kando ya mkoromo wako miaka yote hiyo, usimtaje kabisa. Wanaokuheshimu wamenyamaza kwa ajili yako, na wewe malipo uliyompa mmoja wao ni kumharibia posa.

Sasa lile ulilolificha mwishoni, ukidhani nitalipita haraka. Wajukuu zako hukuwakata. Mkono ulikataa, unasema. Mkono ulijua, mzee wangu, na ulijua siku ile kwa sababu mtoto wa Anyesi alikuwa ametoka damu siku mbili. Una kimeo kirefu na umeishi nacho mpaka mvi. Wajukuu watatu wanavyo na kikohozi kimeisha chenyewe. Ushahidi umekuwa nao kinywani mwako, nawe ukaendelea kuwakata wa wenzako. Hapo sicheki tena. Nimekasirika, na ningekuwa mama wa yule mtoto ningekuja Dodoma kwa miguu.

Fanya hivi. Ijumaa hiyo aliyoitaja Mazengo, ukishasali, keti juani pale pale sokoni ulipomsingizia. Mwite Mazengo awe shahidi wa kwanza, na shahidi wa pili awe mwanamke ambaye mtoto wake umemkata. Sema kwa sauti kwamba Sila mkono wake ni mwepesi na kwamba ulidanganya, na sababu uitaje. Kisha fumbua. Kovu hakuna, basi apake unga juu ya kimeo chenyewe, na wewe unajua kuliko mimi kwamba kugusa kovu ni kazi ya mwanafunzi, lakini kugusa kimeo kizima bila mtu kukohoa ni kazi ambayo hata Mzee Khamisi hakuwahi kupimwa nayo. Akiweza, Mazengo hana la kusema, na yule wa Kibakwe aite wajumbe wake nyumbani.

Mpe Sila kisu, kwa kuwa amekistahili, na siku hiyo hiyo umwambie vimeo vya watoto wanaokohoa asivikate. Mkono kama huo una kazi nyingine: utoe miiba ya samaki kooni kwa watu wa Bahi, utoe kunde na wadudu masikioni. Mtoto wa kikohozi apelekwe kwa mganga wa hospitali ya boma. Wewe mfuko wa visu ufunge, na uende Bahi ukaonane na Anyesi uso kwa uso.

Jambo la mwisho. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini umemtaja mkeo, mwanafunzi wako, baba wa mchumba, mchumba na soko, na sidhani kama Dodoma ina wakata vimeo wawili wenye mke anayeitwa Waridi. Majina hayo ningeweza kuyafuta. Sikuyafuta, kwa ajili ya Sila na kwa ajili ya akina mama. Gazeti hili litafika kwenu kwa gari la moshi la Jumatano, na ajuaye kusoma atawasomea wengine stesheni. Ukilipata wewe kwanza, usilitie chini ya godoro. Nenda nalo kwa Sila ukaongee.

Na Ijumaa hiyo wapange wajukuu zako watatu kando yako, wote wafumbue midomo kama babu yao, watu wapite watazame. Asubuhi yake kunywa uji mwepesi tu, usije ukamtapikia kijana siku ya mtihani wake.