Wafariji Wangu na Birika

Shoga, unakumbuka jirani aliniuliza, "Hivi tangu umzike mumeo umewahi kupumzika?" Leo nimepumzika! Mbele ya watu!

Wale wafariji wa kanisani wamekuja tena. Mwenyekiti wao anasoma kwamba wenye kulemewa waende kwa Bwana wakapumzike, hapo hapo ananigeukia: "Dada, ongeza chai." Anasoma tena. "Dada, na sukari." Magoti yangu yanawaka moto!

Nikaweka birika chini, nikajilaza kwenye mkeka katikati yao.

"Wewe, unafanya nini?" mwenyekiti akauliza.

"Naitika, mama. Si nimeitwa?"

Mimi huyu, shoga! Si nimeitwa!

Nikafumba macho. Na ule usingizi ulionikimbia tangu msiba ukaanza kuninyemelea. Nikafumbua jicho moja. Mwenyekiti akafunga Biblia, akaokota birika, akatoka kwenda jikoni.