Mechi ya Saa Tisa, Mwezi wa Ramadhani

Kakamega, Ijumaa, 31 Januari 1964

Jua la leo limekausha hata migomba nyuma ya nyumba. Vumbi la uwanjani linaingia mpaka kwenye meno. Kesho saa tisa mchana tunacheza fainali na Mumias, na tangu asubuhi roho yangu haijatulia.

Nianze na mpira, maana mpira ni rahisi kuusema.

Mumias hawachezi kama sisi. Wao hukaa nyuma, wakakuachia mpira, wakakuacha ujione bingwa. Ukishajisahau, beki wao anapiga mpira mmoja mrefu upande wa kushoto, na huko yuko Hamisi. Hamisi akishawapita mabeki, kilichobaki ni kumpa kipa pole. Mwaka jana tulishambulia mechi nzima, watu wetu wakaimba mpaka sauti zikakauka, tukafungwa matatu kwa moja. Mabao yote matatu yalianzia kwenye kona zetu wenyewe, sisi tukiwa tumejazana langoni kwao.

Dawa yake naijua. Kona ikipigwa, Shiundu abaki nyuma amchunge Hamisi. Lakini Shiundu ni mtu wa Shinyalu, na huko wanakopiganisha mafahali, hata fahali akirudi nyuma watu humcheka. Mimi kocha wake nikimwambia abaki, ananuna. Watazamaji nao watamzomea, na atapanda mbele tu. Nguvu anazo, ila kugeuka kwake ni kama lori kwenye daraja jembamba. Kwa hivyo siku ya kawaida Mumias wanatufunga, na tunajua.

Ila kesho Hamisi atakuwa hajanywa hata tone la maji tangu alfajiri.

Niseme wazi, hapa hakuna anayenisikia. Siku ya mechi niliichagua mimi. Mzungu aliyekuwa akipanga mechi za wilaya alirudi kwao mwaka jana, na kiti chake nikapewa mimi, karani wa ofisi ya wilaya, mwana wa hapa hapa. Yule Mzungu tulimlalamikia miaka mingi kwamba anapendelea timu za marafiki zake. Nililalamika kuliko wote. Bendera yetu haijamaliza hata miezi miwili juu ya mlingoti, na tayari mimi nimeshafanya kama yeye. Labda yeye aliona haya kidogo. Sijui.

Mzee Omari, muuza nguo anayeisimamia timu ya Mumias, alikuja ofisini wiki iliyopita. Alitoa salamu zake zote bila haraka, akauliza habari za mama watoto, ndipo akasema lililomleta. Aliomba mechi isogezwe mpaka baada ya Idi.

Nikamwambia uwanja hauna nafasi mwezi wote wa pili.

Uwanja una nafasi. Mwezi wote wa pili hauna kazi ila kulisha ng'ombe wa majirani. Nilimdanganya mtu mzima, macho kwa macho, huku nikimkaribisha kiti.

Laiti angebisha. Angebisha ningekasirika, na hasira ingenifichia aibu. Yeye aliitikia kwa kichwa tu akasema, "Basi tutacheza, Bwana Karani. Saumu ni yetu, si yenu. Ila jua likizama, vijana wapate mahali pa kukaa na maji kidogo ya kufungulia." Nikajibu upesi kwamba watafuturu kwangu. Nilijiona mkarimu. Nilitembea siku mbili nzima nikijiona mkarimu.

Jana mazoezini wachezaji walishaelewa wenyewe. Shiundu alisema, "Mwaka huu hakuna haja ya kumkimbiza Hamisi. Njaa ndiyo beki yetu." Wote wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti.

Leo nimetoka kazini nikamkuta mke wangu, Rosa, amekaa jikoni anachagua maharagwe. Viazi vitamu ameshaosha, ndizi amenunua, na ameazima vikombe kwa jirani Mwislamu. Akaniuliza, "Baba Timona, hawa watu wanafungulianga na nini kwanza? Uji ama chai? Sitaki wageni waende kwao wakisema hatujui." Halafu akasema amewaambia wanawake wenzake kanisani kwamba mume wake ana moyo, kwamba si wengi wangefikiria hivyo.



Nikamwambia yote, nimesimama mlangoni, hata kofia sijavua. Hakupiga kelele. Alitoa jiwe moja kwenye maharagwe, akalitupa nje, kisha akasema, "Kwa hivyo mimi hapa napikia wageni, ama nalipa faini yako?"

Nikavua kofia. Nikaja huku kwenye meza kuandika haya.

Nimejaribu kujitetea. Nimesema, hata wao wakila wakashiba hatuna hakika ya kushindwa. Nimesema, wakulima wetu nao hucheza na njaa. Nimesema, hakuna sheria inayokataza mechi mwezi wa Ramadhani. Kweli haipo. Lakini mtu asiye na kosa hatafuti sheria jioni ya Ijumaa.

Basi nimeamua. Alfajiri nachukua baiskeli niende Mumias kabla hawajapanda lori. Nitamwambia Mzee Omari kwamba uwanja ulikuwa wazi na mimi nilijua. Achague yeye: kesho, ama baada ya Idi. Akisema tucheze kesho, tutacheza, lakini itakuwa kwa hiari yake. Kinachonitisha si baiskeli wala vilima. Natishwa na uso wake nitakapomaliza kusema, maana watu wa namna ile husamehe haraka, na sijui nitauweka wapi msamaha huo.

Wachezaji wangu nitawaambia nini? Kwamba nimewauza. Watasema hivyo hata nisiposema mimi.

Najua pia Mzee Omari atachagua nini. Ana busara, atachagua baada ya Idi. Na baada ya Idi Hamisi atakuja ameshiba, amelala, miguu myepesi, nasi tutapiga kona yetu ya kwanza na kupanda wote. Nimeipima mechi hiyo kila upande, na kila upande tunafungwa.